Redio ya kidijitali au intaneti: kituo chetu kidogo cha Mombasa kielekee wapi?

Mjumbe wa Likoni

Salamu kwenu nyote.

Mimi ni mjumbe wa kamati ya kituo kidogo cha redio ya jamii upande wa Likoni. Mtambo wetu wa kurushia matangazo ya FM umechakaa, vipuri vyake vimekuwa adimu, na wafadhili wamekubali kutugharimia jambo moja kubwa tu kwa sasa. Kamati imegawanyika. Vijana wanataka tuachane na FM na tuhamie intaneti moja kwa moja, kwa hoja kwamba kila mtu ana simu mkononi. Wengine wanashauri tusinunue mtambo wowote wa FM, kwa kuwa televisheni ilihamishiwa mfumo wa kidijitali mwaka 2015 na zamu ya redio, wanavyoamini wao, iko njiani. Wazee, ambao ndio wasikilizaji wetu waaminifu zaidi, hawataki hata kulisikia neno la kuzima FM.

Mimi naelemea upande wa wazee, lakini sitaki tuamue kwa mazoea. Ningependa kujua kutoka kwa wenye ujuzi kama redio ya kidijitali ina mustakabali wowote hapa kwetu, na ikija, kama kituo cha ukubwa wetu kitapata nafasi ndani yake. Tena ningependa kujua kama intaneti inaweza kuibeba kazi yote inayofanywa na FM leo, kuanzia kwa mvuvi wa Mtongwe mpaka kwa mama anayekaanga mahamri kabla ya alfajiri na redio yake iko dirishani.

Fundi wa Mitambo, Kwale

Ndugu Mjumbe, swali lako ni zito na linastahili kujibiwa kwa utulivu, kwa sababu watu wengi huchanganya mambo mawili yaliyo mbalimbali kabisa. Redio ya kidijitali husafiri angani kutoka kwenye mlingoti hadi kwenye antena ya msikilizaji, kama FM, ila sauti imegeuzwa kuwa tarakimu. Haihitaji simu wala bando. Kusikiliza kwa intaneti ni njia nyingine: kila msikilizaji huunganishwa peke yake na seva, yaani kompyuta inayotuma matangazo, na hiyo sauti hupita katika mtandao wa kampuni ya simu.

Mfumo wa kidijitali ulioenea zaidi Ulaya unaitwa DAB. Utafiti wake ulianza mwaka 1987, na shirika la utangazaji la Norway, NRK, likaanza kuutumia hewani mwaka 1995, mwaka uleule ambao BBC nayo ilianza. Toleo lake lililoboreshwa, DAB+, lilikuja mwaka 2007. Katika mfumo huu vituo vingi huwekwa pamoja ndani ya fungu moja la masafa lenye upana wa takriban megahazi 1.5, nao wote hurushwa na mtambo mmoja. Hapo ndipo penye faida na penye hatari. Faida ni kwamba gharama ya umeme na milingoti hugawanywa. Serikali ya Norway ilieleza kuwa kurusha idhaa ya kitaifa kwa FM kuligharimu mara nane ya kuirusha kwa DAB. Hatari ni kwamba kituo hakimiliki tena mtambo wake. Kinakuwa mpangaji katika nyumba ya mtu mwingine, na kodi hupangwa na mwenye nyumba.

Kwa kituo cha jamii hili si jambo dogo. Mtakumbuka mwaka 2015, wakati wa kuzimwa kwa televisheni ya analojia, jinsi mzozo kuhusu nani awe na haki ya kusambaza mawimbi ulivyofanya NTV, KTN na Citizen zitoweke hewani kwa zaidi ya wiki mbili. Ikiwa vituo vikubwa vyenye mawakili na fedha vilipatikana na hayo, kituo kidogo kingefanyaje? Uingereza walilitambua tatizo hilo, wakafanya majaribio ya DAB ya kiwango kidogo katika maeneo 10 mwaka 2015, kwa vifaa vya bei nafuu na programu za kompyuta zilizo wazi kwa kila mtu, ili vituo vya mitaani vipate njia yao. Utaratibu wa namna hiyo ndio ungetufaa, kama siku moja tutaingia katika mfumo huu.

Kuna na mfumo wa pili, DRM, ambao ulianza kurushwa rasmi mwaka 2003. Huu unaweza kutumika katika mawimbi mafupi, mawimbi ya kati, na hata katika bendi ya FM, ambako hutumia nusu tu ya upana wa kituo cha kawaida na kubeba hadi idhaa tatu. India imeuwekea mitambo mingi ya mawimbi ya kati, na magari mengi mapya ya huko huuzwa yakiwa na kipokezi chake. Kwa nchi yenye kaunti kubwa na kavu kama Tana River, mimi naona DRM ina mantiki kuliko DAB. Lakini mantiki haitoshi pasipo redio madukani.

Dukani Mwembe Tayari

Nami naingilia hapohapo palipoachwa, kwenye redio madukani, kwa sababu ndiyo kazi yangu.

Kazi yangu kubwa ni redio za magari. Magari mengi yanayoshuka katika bandari yetu ya Kilindini ni yaliyotumika Japani, na Japani bendi yao ya FM ilianzia megahazi 76 ikakomea 90, kabla ya kuongezwa hadi 95 katika miaka ya karibuni, ilhali yetu huanzia 87.5 hadi 108. Ndiyo maana gari likifika hapa mwenye gari huletwa kwetu tumfungie ekspanda, kile kidude kinachoyashusha masafa yetu ili redio ya Kijapani iweze kuyanasa, au aing'oe redio nzima na kuweka nyingine. Watu wanahangaika kuipata FM yenyewe. Je, DAB wataitoa wapi?

Ulaya sheria ilitaka kila gari jipya la abiria lenye redio liwe na kipokezi cha kidijitali kuanzia Desemba 2020. Sheria hiyo haitufikii, kwa sababu hatununui huko. Japani haikuifuata njia ya DAB. Zaidi ya hayo, mwaka 2021 vituo 44 kati ya 47 vya kibiashara vya mawimbi ya kati nchini humo vilitangaza kwamba vinakusudia kuhamia FM ifikapo mwaka 2028. Yaani nchi inayotuletea magari ndiyo kwanza inaingia FM kwa wingi. Na kwa kuwa Kenya huruhusu magari yasiyozidi umri wa miaka 8, gari linalotengenezwa leo litakuwa katika barabara ya Nyali na ya Changamwe kwa muda mrefu sana baada ya hapo, likiwa na redio ileile.

Kuhusu redio za mezani na za mkononi, sijawahi kuulizwa DAB na mteja hata mmoja. Wanachoulizia ni redio ndogo yenye sola, tochi na tundu la kuchomeka memori kadi, na hizo zote hupokea FM. Katika matatu na tuktuk hali ni hiyohiyo.

Kijana wa Bamburi

Ninawaheshimu wakubwa zangu waliotangulia kusema, lakini naona wamejibu nusu moja ya swali tu. Kuthibitisha kwamba DAB haitakuja si kuthibitisha kwamba FM itabaki na watu.

Mimi nafanya kazi ya kutengeneza vipindi, na ninaona wazi namna wenzangu wanavyosikiliza. Hawawashi redio saa tatu kwa sababu kipindi ni saa tatu. Husikiliza rekodi wakiwa kwenye feri, wakiwa kazini, au usiku wakipumzika. Mahojiano mazuri ya mzee wa Mji wa Kale kuhusu utengenezaji wa mashua yakirushwa FM mara moja yamepotea. Yakiwekwa kwenye intaneti yatasikilizwa na mjukuu wake miaka 10 baadaye. Kuna pia watu wetu walioko Muscat, Dubai, London na Toronto, ambao FM haitawafikia kamwe, na wengi wao ndio wanaochangia kituo kinapokwama. Ongezeni jambo la masafa: bendi ya FM ya Mombasa imejaa, na mtu anayetaka kuanzisha kituo kipya leo hana pa kusimama isipokuwa mtandaoni.

Halafu simu. Simu nyingi za bei nafuu, zile za kabambe, zina FM ndani yake, lakini simu janja mpya nyingi hazina, au zina kipokezi kisichowashwa, na nyingine zimeondoa hata tundu la visikizi ambavyo waya wake ndio uliokuwa antena. Serikali ya India ililiona jambo hili kuwa zito kiasi kwamba mwaka 2023 iliwashauri watengenezaji wa simu wasiizime FM. Sisi hatujafanya hivyo. Kila anayebadilisha kabambe kwa simu janja huenda anaondoka FM bila ya kukusudia, na kituo kisichokuwa mtandaoni kinampoteza bila ya habari.

Mtayarishaji Mstaafu, Kizingo

Mwanangu wa Bamburi, uliyoyasema kuhusu rekodi na kuhusu walioko ng'ambo ni kweli tupu, nami nakuunga mkono. Nimefanya kazi ya utangazaji katika mji huu kwa muda mrefu, na jambo linaloniuma kuliko yote ni kanda tulizozifuta ili tupate za kurekodia tena. Lau tungekuwa na njia yenu, sauti za wazee wengi zingekuwapo hadi leo.

Hata hivyo nataka uangalie upande ambao vijana hawauoni mpaka siku ya shida. Februari 2012 meli moja ilitia nanga mahali palipokatazwa nje ya bandari yetu hii, ikaukata mkongo wa TEAMS, waya wa chini ya bahari unaotuletea intaneti, na mawasiliano ya nchi yakayumba. Mei 2024 mikongo ya EASSy na SEACOM ilikatika pamoja katika upande wa kusini mwa Afrika, na intaneti ya Afrika Mashariki ikazorota kwa siku kadhaa. Tarehe 25 Juni mwaka huohuo, siku ya maandamano dhidi ya Mswada wa Fedha, intaneti ilidhoofika tena, saa zilezile ambazo kila mzazi wa Mombasa alitaka kujua barabara gani ipitike na ipi isipitike. Sitaki kuingia katika ubishi wa sababu. Ninachosema ni kwamba FM ya Mombasa haikutegemea mkongo wowote siku hizo zote. Mtambo uko kilimani, redio iko dirishani, na kati yao hakuna mtu mwingine.

Agosti 2023 umeme ulipopotea sehemu kubwa ya nchi usiku kucha, mtu mwenye redio ya mawe alikuwa na habari. Mwenye simu alikuwa akihesabu chaji. Kimbunga Maria kilipoipiga Puerto Rico mwaka 2017, takriban asilimia 95 ya minara ya simu ilinyamaza, na watu wakarudi kwenye redio za betri. Sisi pia tuko ukingoni mwa bahari. Tsunami ya tarehe 26 Desemba 2004 ilifika mpaka huku, na kimbunga Hidaya cha Mei 2024 kilitukumbusha kwamba pepo hizi zinaweza kupinda kuja upande wetu. Onyo la namna hiyo halingoji mtu anunue bando.

Kuna na jambo la wakati, ambalo watu wa Mombasa wanalijua kuliko watu wengi. Sauti ya intaneti hukusanywa kidogo kwanza kabla ya kuchezwa, kwa hiyo humfikia msikilizaji ikiwa imechelewa, mara nyingine kwa nusu dakika na zaidi, na kila simu huchelewa kwa kiasi chake. Katika mpira ni kero tu. Katika Ramadhani, nyumba inayongoja adhana ya magharibi ili ifuturu, na alfajiri inayongoja ya kufunga kula daku, haziwezi kwenda kwa sauti iliyochelewa, hasa hiyo ya alfajiri, ambayo mtu akiifuata baada ya wakati ataendelea kula ilhali kumekwisha kucha. FM humfikisha adhana pale pale. Kwa kituo chenye wasikilizaji kama wa Likoni ningelihesabu jambo hili kuwa la msingi.

Mjumbe wa Likoni

Nawashukuru sana nyote, na Bi. Mkubwa wa Kizingo hasa, kwa kuwa hilo la adhana hatukulitaja kabisa katika kikao na bila shaka litaibadilisha rai ya baadhi ya wajumbe. Nimebaki na jambo moja, nalo ni gharama. Vijana wetu wanasema intaneti ni karibu bure kwa kituo. Je, ni kweli, na kwa msikilizaji je?

Fundi wa Mitambo, Kwale

Tufanye hesabu pamoja. Sauti ya kiasi cha kilobiti 64 kwa sekunde, ambayo inatosha kwa mazungumzo na muziki wa kawaida, hula takriban megabaiti 29 kwa saa. Mtu anayesikiliza saa 3 kwa siku atamaliza karibu gigabaiti 2.6 kwa mwezi. Mkipunguza hadi kilobiti 32, ambayo kwa usimbaji wa kisasa, yaani namna ya kuibana sauti, bado inasikika vizuri kwa mazungumzo, itakuwa kama gigabaiti 1.3. Kwa mtu wa Nyali mwenye waifai nyumbani si kitu. Kwa mama wa mahamri, anayewasha redio kutwa nzima na anayenunua bando la siku kwa shilingi chache, ni mzigo ambao FM haikuwahi kumtwisha. Gharama haikupotea kwa kuhamia mtandaoni. Imetoka kwenye kituo ikaenda kwa msikilizaji.

Na kwa kituo pia si bure. Mtambo wa FM hula umeme uleule, awe anasikiliza mtu mmoja au watu elfu mia. Seva ni kinyume chake: wasikilizaji 1,000 wa kilobiti 64 kwa wakati mmoja wanahitaji megabiti 64 kwa sekunde, na wakiwa 10,000 wanahitaji mara kumi ya hapo. Siku ambayo kituo kinahitajika zaidi ndiyo siku ambayo seva hulemewa.

Jambo jingine ambalo vituo vingi hulisahau ni mahali seva ilipo. Ikiwa seva yenu imekodiwa Ulaya, sauti inayotoka Likoni kwenda Mtongwe huvuka bahari mara mbili, na mkongo ukikatika mtu aliye jirani na studio hawezi kuisikia. Kodini seva iliyo hapa nchini, na hakikisheni kampuni inayowahudumia imeunganishwa na KIXP, ambapo mitandao ya Kenya hubadilishana mawasiliano bila ya kutoka nje. Hilo litawapunguzia pia ule ucheleweshaji, ingawa halitauondoa.

Kuhusu swali lako la mwanzo, rai yangu ni kwamba mnunue mtambo wa FM, lakini msinunue wowote tu. Wauzaji wana mitambo ya kisasa ambayo inaweza kurusha FM leo na kubadilishwa kwa programu ili irushe DRM kesho. Ulizeni jambo hilo kwa maandishi kabla ya kulipa. Ulizeni pia ukubwa wake halisi, kwa sababu nguvu mtakayorusha ni ile iliyoandikwa katika leseni yenu, na kununua mtambo mkubwa kupita leseni ni kutupa fedha za wafadhili. Angalieni ufanisi wa umeme, kwani bili ya miaka 10 inaweza kuzidi bei ya mtambo. Na wekeni betri na sola, angalau za kuendesha mtambo na chumba kimoja cha studio, la sivyo yote aliyoyasema Bi. Mkubwa kuhusu usiku wa giza hayatakuwa na maana kwenu.

Kijana wa Bamburi

Nimeyasoma yote na nakubali kwamba kuzima FM kwa kituo hiki kutakuwa ni kuwafungia mlango watu wasiokuwa na mlango mwingine. Uswisi shirika la umma la SRG lilizima FM yake tarehe 31 Desemba 2024, na likapoteza wasikilizaji, ingawa DAB+ ilikuwa imeenea huko kwa miaka mingi na vipokezi viko kila duka. Hata Norway, iliyozima FM ya kitaifa mwaka 2017, iliviacha vituo vingi vidogo vya mikoani viendelee nayo. Kama wao wenye kila kitu wamepata taabu, sisi hatuna sababu ya kukimbilia.

Ombi langu ni kwamba intaneti isiachwe kuwa nyongeza ya mtu wa kujitolea. Tengeni fungu dogo la fedha kwa ajili ya mtu mmoja wa kurekodi, kukata na kuhifadhi vipindi, na seva ya hapa nchini. Matangazo ya moja kwa moja mtandaoni wekeni kwa kilobiti 32 na pia kwa 64, msikilizaji achague kulingana na bando lake. Niko tayari kuja Likoni kuwaonyesha vijana wenu namna ya kufanya hivyo, wala sitaki malipo.

Mjumbe wa Likoni

Nimelipokea, mwanangu, na nitakuandikia faraghani. Kikao chetu ni Jumamosi. Nitawasomea wajumbe majibu haya yote, na nitamwomba katibu awaandikie wauzaji kuuliza kuhusu DRM, ufanisi wa umeme na sola kabla hatujafungua mjadala wa bei.

Dukani Mwembe Tayari

Ndugu Mjumbe, mkishaweka mtambo mpya, naomba mnijulishe masafa yenu kama yatabadilika. Ekspanda nyingi huyashusha masafa kwa megahazi 10 au 12 au 15, na kituo kilicho juu ya 100 hakifiki katika redio nyingi za Kijapani zilizofungwa ekspanda ya 10. Ikiwa mtapewa nafasi ya kuchagua, ombeni masafa ya katikati, ili wenye matatu na tuktuk za Likoni wawapate.